Asiyemo Kitabuni

Kwenye ukuta wa ofisi, hapa Kildare,
nasaba imechorwa kama mto unaorudi nyuma:
vijito elfu hadi chemchemi tatu,
madume watatu waliovushwa bahari kutoka mashariki
miaka mia tatu iliyopita, wakaitwa Waingereza.
Bwana Lillis huwagusa kwa fimbo mbele ya wageni.
"Damu," husema, na wageni huvua kofia.

Mimi ni saisi. Nashika hatamu ya Dagaa.

Dagaa hayumo ukutani. Ni mfupi, wa Connemara,
ana mabaka ya kahawia na meupe kama sufuria iliyoungua;
alinunuliwa mnadani pamoja na mkokoteni mbovu.
Kazi yake ni ushenga. Februari hadi Juni,
jike akifika kutoka Normandi au Hokkaido,
mkia umefungwa bendeji, bima yake bei ya mtaa mzima,
Dagaa hupelekwa kwenye ukuta wa magodoro
ambembeleze.
Anuse, alie, ang'atwe sikio,
apigwe teke la kifua, arudi, abembeleze tena,
mpaka jike alegee, ainue mkia.
Hapo ndipo ninapoambiwa: "Gobnait, mtoe."

Namtoa.
Nyuma yetu lango kubwa linafunguliwa
na Kengele ya Alfajiri anaingia,
mshindi wa mbio tisa kati ya kumi
(ile ya kumi, matope),
ngozi inang'aa kama kiatu cha askari,
kwato zimepakwa mafuta.
Dakika mbili. Daktari anaandika.

Waliosema mchumia juani hulia kivulini
hawakumjua Dagaa.

Tunarudi bandani, mvua ya mawe mgongoni.
Namwagia shayiri kupita kipimo kidogo,
namsugua kifua, penye makovu ya miaka kumi na minne,
namsimulia habari ya baba yangu,
saisi naye, na mwongo kiasi:
eti mmoja wa wale watatu wa ukutani
alianzia kazi hii hii,
mpaka siku jike mmoja alipomkataa bwana harusi
akamtaka mshenga.

Usiku mmoja wa Aprili komeo la banda la saba
halikukaa sawa.
Nimeulizwa mara tatu. Nimejibu mara tatu.
Komeo ni chuma, na chuma husahau.

Miezi kumi na moja baadaye, yule jike
aliyewahi kushinda Chantilly kwa urefu wa shingo
alirudi kwetu kuzaa,
na kitoto kikadondoka juu ya majani makavu
kina mabaka ya kahawia na meupe.
Bwana Lillis alikitazama. Akautazama ukuta. Akanitazama mimi.
Unywele ulipelekwa maabara, ingawa
sufuria iliyoungua haihitaji maabara.
Ada ikarudishwa Normandi, ngumu kama jino.
Mama akaenda zake baada ya ziwa.
Mtoto akabaki, hana karatasi,
hana jina la kutangazwa kwenye vipaza sauti.
Namwita Chenji.

Sasa ana miaka mitatu.
Kabla magari ya makocha hayajawasha taa uwandani,
kondoo wakiwa bado mabonge ya ukungu,
nampanda bila tandiko, na magoti yangu haya ya uzee,
kutoka mti wa miiba wa mwisho hadi lango la machimbo.
Leo nilichukua saa ya baba, ile ile
aliyompimia Kengele ya Alfajiri akiwa kinda.
Nilibonyeza. Nikabonyeza.
Nikasoma. Nikafuta kioo kwa mkono wa sweta,
nikasoma tena.

Dagaa alikuwa ng'ambo ya uzio,
masikio mbele, nyasi zinaning'inia mdomoni.
Nilimnong'oneza yeye tu.

Akaendelea kutafuna.